Je, aliyemeza vijidudu vingi ndiye anayeumwa zaidi?

Swali: Jumamosi tulikuwa na shughuli ya arusi nyumbani. Mchuzi wa nyama ulipikwa Ijumaa usiku kwenye sufuria kubwa, ukafunikwa na kuachwa humo humo. Jumamosi ukapashwa tu na kuliwa na pilau saa nane mchana. Mimi nilikula sahani moja. Saa sita usiku tumbo likaanza kukata, nikaharisha mara nne, asubuhi nikawa mzima. Wifi yangu anatumia omeprazole kwa vidonda vya tumbo. Yeye alionja kidogo tu, pamoja na kachumbari, na alianza kuumwa Jumapili saa tatu usiku kwa homa kali. Akalazwa na kutundikiwa dripu. Mama mkwe alikula sahani mbili na hakuhisi lolote. Shemeji anasema anayeumwa zaidi ni aliyekula vijidudu vingi, na mama mkwe amepona kwa sababu mwili wake umezoea maji ya kisima tangu utoto. Ni kweli?

Jibu:

Dada, kwa jinsi ulivyoeleza, huenda wewe na wifi yako hamkuumwa ugonjwa mmoja. Tutalirudia hilo, maana tofauti yenyewe ndiyo inayoeleza kazi ya dozi, yaani idadi ya vijidudu au sumu iliyoingia mwilini.

Shemeji yako amepata nusu ya jambo. Idadi ya vijidudu vinavyoingia mwilini huamua kwanza kama utaugua au hutaugua, kisha huamua utaanza lini. Ukali wa ugonjwa ukishaanza ni habari nyingine. Kwa baadhi ya magonjwa dozi inaugusa, kwa mengine haiugusi kabisa, na mara nyingi mwenye kauli kubwa ni mwili ulioupokea ugonjwa.

Tuanze na pale ambapo shemeji ana haki kamili, yaani sumu iliyokwisha kutengenezwa ndani ya chakula kabla hujakila. Bakteria aina ya Staphylococcus aureus hutoka kwenye mikono yenye vidonda au puani mwa mpishi. Akikaa kwenye chakula chenye joto la kawaida hadi akafika kama laki moja kwa kila gramu, huacha sumu ambayo haivunjwi na moto wa jikoni. Bacillus cereus hufanya hivyo hivyo kwenye wali uliolala nje. Ukiupasha kiporo hicho mpaka kikatoa moshi, bakteria watakufa, lakini sumu itabaki. Hapa dozi inafanya kazi kama ya dawa au pombe: ukila zaidi unatapika zaidi, na hakuna kusubiri. Kutapika huanza kati ya saa 1 na 6 baada ya kula, na kwa kawaida huisha ndani ya siku moja. Ninyi hamkutapika ndani ya muda huo, kwa hiyo hili tuliweke kando.

Kijidudu kilicho hai hakifanani na sumu, kwa sababu kinazaana. Sumu ikiingia gramu moja itabaki gramu moja. Bakteria mmoja akipata nafasi huwa wawili, kisha wanne, kisha wanane. Fanya hesabu hii: mtu mmoja amemeza bakteria 1,000 na mwingine amemeza milioni moja. Pengo ni mara elfu, lakini kujigawa mara kumi tu kunazidisha idadi mara 1,024. Kama bakteria hao hujigawa kila baada ya dakika 20, aliyemeza wachache atamfikia mwenzake kwa saa 3 na dakika 20. Wakijigawa kila baada ya saa 6, atamfikia kwa siku mbili na nusu. Baada ya hapo utumbo wao umebeba mzigo ule ule. Ndiyo maana dozi kubwa hujionyesha zaidi kwenye saa ya kuanza kuumwa kuliko kwenye uzito wa maumivu.

Malaria huonyesha jambo hili waziwazi. Vimelea vya malaria vya aina ya falciparum vikishatoka kwenye ini huongezeka takriban mara kumi kila baada ya saa 48 ndani ya damu. Kwa hiyo anayeng'atwa na mbu kumi wenye vimelea, badala ya mmoja, anatangulia kuonekana na vimelea kwa kama siku mbili. Atakayezidiwa hadi kupoteza fahamu huamuliwa na mambo kama umri, kinga aliyojenga, na muda aliokaa bila kutibiwa.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote unatoka kwenye homa ya matumbo, yaani taifodi. Katika miaka ya 1960 watafiti wa Maryland, Marekani, waliwapa watu waliojitolea bakteria wa taifodi waliohesabiwa. (Wengi wao walikuwa wafungwa, na leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingekubali utafiti wa namna hiyo.) Matokeo yalichapishwa mwaka 1970. Waliopewa bakteria 1,000 walikuwa 14, na hakuna aliyeugua. Kwa bakteria laki moja waliugua 32 kati ya 116. Kwa milioni 10 waliugua 16 kati ya 32, yaani nusu kamili. Kwa bilioni moja waliugua 40 kati ya 42. Muda wa kuatamia, yaani kutoka kumeza hadi kuanza kuumwa, nao ulipungua: waliopewa laki moja walianza homa kwenye siku ya 9 hivi, waliopewa bilioni moja kwenye siku ya 5. Lakini wagonjwa walipolinganishwa wao kwa wao, ugonjwa wa mtu aliyemeza laki moja haukuwa mwepesi kuliko wa aliyemeza bilioni. Dozi ilikuwa mara elfu kumi zaidi, na taifodi ikabaki taifodi ile ile.

Kwenye takwimu hizo kuna jambo ambalo husomwa vibaya. Watu huona "1,000 hakuna aliyeugua" wakadhani huo ni mpaka wa usalama, kwamba chini ya hapo huwezi kupata taifodi. Mpaka wa namna hiyo haupo. Namna bora ya kulifikiria ni kuwa kila kijidudu kina bahati yake peke yake, ndogo lakini si sifuri, ya kupita vizuizi vyote na kuanzisha ukoo. Tuseme bahati hiyo ni moja kwa elfu. Ukimeza 10, uwezekano wa kuambukizwa ni kama asilimia 1. Ukimeza 100 ni kama asilimia 10. Ukimeza 1,000 ni asilimia 63, wala si mia kwa mia kama wengi wanavyotarajia. Ukimeza 10,000 huchomoki. Sasa watu 14 ni wachache mno kukuonyesha hatari ya asilimia 1. Mji wa watu laki mbili wanaokunywa bomba moja lenye uchafu mdogo utakuonyesha, kwa sababu asilimia 1 yao ni wagonjwa 2,000. Wataalamu hupenda kutaja dozi inayoambukiza nusu ya watu. Ni kipimo kizuri cha kulinganisha kijidudu na kijidudu, lakini si kibali cha kumeza nusu yake.

Na vijidudu vinatofautiana mno. Shigella, wa kuhara damu, huhitaji 10 hadi 100 tu. Virusi vya noro, vya kutapika na kuharisha, navyo huambukiza vikiwa vichache, kiasi kwamba kitasa cha mlango wa choo kinatosha kuvipitisha. Kipindupindu kiko upande wa pili. Ukimpa mtu mwenye tumbo zima maji yenye bakteria wake, wanahitajika mamia ya milioni, pengine mabilioni, ndipo aharishe. Tindikali ya tumbo inawaua karibu wote.

Hapo ndipo tunapofika kwa wifi yako. Katika majaribio ya kipindupindu, pia huko Maryland, watu walipewa kwanza gramu 2 za sodiamu baikabonati, poda ile ile wanayotumia waoka keki, ili kuizima tindikali. Dozi iliyohitajika ikaporomoka hadi kati ya elfu kumi na milioni moja. Bakteria hawakubadilika, ila mlango ulikuwa umefunguliwa. Chakula chenyewe hufanya kazi inayokaribiana: bakteria milioni moja waliomezwa pamoja na chakula waliwaambukiza watu karibu sawa na waliomezwa na baikabonati. Mafuta hulinda bakteria wakati wa kupita tumboni, na ndiyo sababu milipuko ya Salmonella, bakteria wa kuharisha, iliyotokana na chokoleti na aiskrimu imewahi kusababishwa na bakteria makumi tu kwa kila aliyekula, ilhali wengi hudhani Salmonella lazima awe maelfu kwa maelfu.

Omeprazole huzima tindikali mchana na usiku. Kwa mtu anayeitumia kila siku, "kuonja kidogo" si kidogo tena. Kijiko kimoja cha kachumbari iliyokatiwa kwenye ubao uliotoka kukata kuku mbichi kinaweza kumfikishia utumboni bakteria hai wengi kuliko sahani mbili za mama mkwe. Kwa hiyo ukitaka kulinganisha dozi za watu wawili, usihesabu sahani. Hesabu kilichofika hai kwenye utumbo. (Asiache dawa kwa sababu ya maneno haya. Amuulize daktari wake kama bado anaihitaji, maana wengi huendelea kuimeza miezi mingi baada ya kidonda kupona.)

Sasa sufuria lenu. Mchuzi wa nyama mwingi, uliopikwa usiku na kupoa taratibu chini ya mfuniko, ni makao ya bakteria aitwaye Clostridium perfringens. Mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Kuchemka kunafukuza hewa ya oksijeni, naye haipendi hewa hiyo, kwa hiyo umemwandalia. Joto likishuka chini ya nyuzi 50 anaamka, na kwenye nyuzi 43 hadi 46 anaweza kujigawa kila dakika 10. Kutoka 100 kwa gramu hadi milioni moja kwa gramu ni kujigawa mara 13 au 14, yaani saa mbili na robo. Sufuria kubwa la shughuli linaweza kukaa kwenye joto la kumfaa kwa saa nyingi. Mchana mkalipasha, si kulichemsha hadi katikati. Aliyekula gramu 100 za nyama ya namna hiyo ameingiza milioni 100, na huyu bakteria anahitaji wingi wa kiwango hicho hasa. Hutoa sumu yake akiwa utumboni. Dalili huanza saa 8 hadi 16 baada ya kula, tumbo hukata, unaharisha, homa kwa kawaida haipo, na ndani ya saa 24 ugonjwa huwa umekwisha. Wewe ulianza baada ya saa 10 na asubuhi ukawa mzima. Inaelekea huko.

Wifi alianza baada ya saa 31 akiwa na homa kali. Hiyo inaelekea kwa bakteria wanaoshambulia ukuta wa utumbo, Salmonella akiwemo, na kachumbari au ubao wa kukatia ni wa kushukiwa kuliko mchuzi. Choo chake kikipimwa maabara ndipo itajulikana kwa hakika.

Mama mkwe je? Huenda alipakuliwa kutoka sehemu iliyochemka vizuri. Bakteria hawajitandazi sawasawa kama chumvi: nyama ya katikati ya sufuria na mchuzi wa juu ulioguswa na moto ni vyakula viwili tofauti. Huenda hakula kachumbari. Au bahati ilikuwa upande wake. Mwaka 2022 yalichapishwa majaribio ya London ambapo vijana 36 wenye afya, wa miaka 18 hadi 29, walitiwa puani dozi moja ndogo ya virusi vya korona. Takriban nusu hawakuambukizwa kabisa. Kati ya 18 walioambukizwa, wawili hawakuwa na dalili yoyote na hakuna aliyezidiwa. Dozi ilikuwa ile ile kwa kila mmoja.

Kuna magonjwa ambayo dozi inaonekana kugusa ukali, na nisiyapite. Kwa Salmonella wa kwenye chakula, tofauti na binamu yake wa taifodi, milipuko iliyochunguzwa inaonyesha kuwa waliokula wengi zaidi waliumwa vibaya zaidi. Kipindupindu nacho kwa dozi ndogo huchelewa kuanza na huwa chepesi. Kuhusu surua, takwimu za Machakos nchini Kenya, na kabla ya hapo za Guinea-Bissau, zilionyesha kuwa mtoto aliyeileta surua nyumbani alikuwa na nafasi nzuri ya kupona kuliko ndugu zake aliowaambukiza. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba wa kwanza aliipata kwa kukutana na mgonjwa kwa muda mfupi, lakini nduguze walilala naye chumba kimoja na kuvuta virusi usiku kucha. Maelezo hayo yana mantiki, ingawa hakuna aliyepima virusi hewani, na nyumba yenye watoto wengi ina shida nyingine pia. Huko Yambuku, Kongo, mwaka 1976, hakuna hata mmoja aliyepona Ebola kati ya walioambukizwa kwa sindano peke yake. Sindano hubeba dozi, lakini pia huruka ngozi na kila kizuizi, na mambo hayo mawili huwezi kuyatenganisha.

Linaloziunganisha habari hizi ni mbio. Kinga ya mwili huhitaji siku kadhaa kujipanga. Kijidudu kikianza na jeshi kubwa kinaweza kufika mbali kabla kinga haijasimama. Pale ambapo kinga hushinda kwa tofauti ndogo, kutangulia huko kunaamua. Pale ambapo kinga ni dhaifu tangu mwanzo, hata dozi ndogo inashinda. Salmonella wa kawaida huko Ulaya ni ugonjwa wa kuharisha siku chache. Katika nchi zetu huingia kwenye damu ya watoto wenye malaria, upungufu wa damu au utapiamlo, na ya watu wazima wenye VVU wasiotumia dawa, mara nyingi bila kuharisha hata kidogo. Hata kundi la damu lina neno lake: watu wa kundi O hawaambukizwi kipindupindu kwa urahisi zaidi ya wengine, lakini wakiambukizwa huumwa vibaya zaidi.

Kuhusu kuzoea, kinga inayopatikana kwa kuumwa ipo, na wazee waliokulia kwenye maji ya kisima huenda wanayo dhidi ya baadhi ya vijidudu vya huko. Ila ni mahsusi. Anayemjua Shigella wa aina moja hamjui wa aina nyingine. Na wanaosimulia "nilizoea" ni waliopona. Watoto waliokufa kwa kuharisha hawapo kusimulia. Zamani watu waliwahi kupewa ndui kwa makusudi, kwa kuchanjwa ngozini kwa usaha kidogo. Boston mwaka 1721 ilikufa kama asilimia 2 ya waliochanjwa hivyo, na asilimia 14 ya walioipata kwa njia ya kawaida. Ilikuwa afadhali, lakini bado unamzika mmoja katika kila hamsini, na waliochanjwa waliweza kuwaambukiza majirani. Chanjo za leo hukupa somo lile lile bila ugonjwa wenyewe.

Faida ya kujua haya nyumbani ni kuwa kupunguza dozi hakulipi sawa kwa kila kijidudu. Maji ya mgonjwa wa kipindupindu yanaweza kuwa na bakteria milioni 100 kwa mililita. Mililita moja tu ikidondokea kwenye ndoo ya lita 20, glasi ya robo lita ina zaidi ya milioni moja. Ukiwapunguza mara elfu, umebaki na 1,250, na mwenye tindikali nzima yuko salama kwa kiasi kikubwa. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa Shigella, na 1,250 wanaobaki bado wanatosha kuilaza familia. Kwa hiyo kukiwa na mgonjwa wa kuhara damu nyumbani, kunawa mikono "kidogo" hakusaidii. Ni sabuni kila baada ya choo, na mgonjwa asiingie jikoni mpaka apone kabisa. Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo cha kwenye kifungashio na kusubiri dakika 30.

Shughuli ijayo, nyama ipikwe siku hiyo hiyo. Ikibidi ipikwe usiku, igawanywe kwenye trei pana, kina kisizidi vidole vinne, ipoe haraka bila kufunikwa kabisa, kisha iingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Kesho yake ichemke mpaka katikati huku ikikorogwa, si kupashwa pembeni tu.

Na ikitokea tena, andikeni tatu: saa ya kula, saa ya kuanza kuumwa, na kila alichokula kila mmoja, wasioumwa wakiwemo. Daktari atapata mengi kwenye saa hizo kabla hata ya maabara. Chakula kilichobaki msikitupe. Wekeni kiasi kwenye chombo safi ndani ya friji, lakini si kwenye friza, kwa sababu Clostridium perfringens wengi hufa wakigandishwa, na maabara inaweza kuwaambia hakuna kitu.